Asili ya Seruji Chotara ya Australia

Neno seruji limo katika kamusi zetu, na farasi wamejaa tele katika tenzi zetu za kale. Hata hivyo wengi miongoni mwetu tuliozaliwa bara hatukupata kuikalia seruji hata siku moja. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, sarj, nalo lilikaa pwani, walikokuwako farasi wachache wa watawala na matajiri. Bara farasi hakustawi, kwa kuwa mbung'o na maradhi mengine hayakumpa nafasi. Mwaka 1916 kikosi cha wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, kilifika Kondoa Irangi hali farasi wake wengi wamekwisha kufa njiani, na hayo yalitosha kuwafundisha majemadari wa Ulaya jambo ambalo wenyeji walilijua tangu zamani.

Basi ndugu mwalimu atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini katika mkusanyo wa makala za utamaduni nimechagua kuandika juu ya seruji, tena seruji ya Australia. Nimeichagua kwa sababu tunapozungumza juu ya utamaduni hatukosi kuulizana asili ya vitu: mlango huu ulitoka wapi, ngoma hii ni ya nani, kiti hiki ni cha Waswahili au cha wageni. Na aghalabu twataka jibu moja tu. Kiti cha enzi cha Lamu kimebishaniwa hivyo, huyu akikipeleka India, yule Misri, mwingine Ureno, na fundi wa Lamu aliyekichonga akaachwa pembeni kana kwamba yeye hakuwa na mikono. Ubishi wa namna hiyo ni rahisi kuuchunguza kwa utulivu katika kitu ambacho si chetu, wala si cha mtu tuliyegombana naye.

Seruji ninayoikusudia huonekana katika mashamba ya ng'ombe ya Australia, hasa kaskazini, na huonekana pia Marekani, ambako huuzwa kwa jina la seruji ya Australia. Kikalio chake kimezama katikati, mbele na nyuma pameinuka. Mbele, kulia na kushoto, imesimama mito miwili ya ngozi iliyoshindiliwa, nayo huyazuia mapaja ya mpandaji yasiteleze kwenda mbele. Mpaka hapo mtu wa Queensland ataitambua na kuiita yake. Lakini baina ya mito hiyo imechomoza pembe, kama kigingi kifupi chenye kichwa bapa; na ubavuni, pale ambapo tungetazamia ukanda mwembamba wa kubebea kikuku, kinaning'inia kipande cha ngozi kipana, kirefu, kinachobembea mbele na nyuma pamoja na mguu. Sasa mtu wa Texas naye atasimama na kusema kuwa seruji hii ni ya kwao. Nani mkweli?

Mtu asiyezoea huitazama seruji kwa juu, akaikata hukumu kwa kuona pembe au kutoiona. Hiyo si njia. Seruji, mithili ya jahazi, hutambulikana kwa upande usioonekana. Igeuze chini juu. Ukikuta mito miwili mirefu iliyojazwa sufu au manyoya, yenye mfereji katikati ili uti wa mgongo wa farasi usiguswe, umeikuta nasaba ya Kiingereza. Kwa maana Mwingereza huiweka laini ya seruji ndani ya seruji yenyewe. Ukikuta mbao mbili pana za kiunzi zilizovikwa ngozi ya kondoo yenye sufu, umeikuta nasaba ya Mexico, ambayo huutegemea blanketi mnene unaotandikwa kwanza mgongoni mwa farasi. Kisha utazame mkanda wa tumbo. Seruji ya Kiingereza hufungwa kwa vikanda vyenye matundu na bizimu. Ya Mexico na ya Marekani hufungwa kwa pete kubwa ya chuma na ukanda mrefu unaozungushwa na kukazwa kwa fundo. Hata mahali pa pete pana maneno yake: pete mbili kila ubavu, ya mbele na ya nyuma, kwa ajili ya mikanda miwili ya tumbo, ni desturi ya Texas, pete moja katikati ni desturi ya California ya zamani.

Seruji yetu chotara, ikigeuzwa, mara nyingi huonyesha mito ya Kiingereza chini, na juu yake pembe na ngozi za kubembea za Mexico. Yaani mwili wake ni wa nyumba moja, na viungo alivyoongezewa ni vya nyumba nyingine. Lakini zipo pia zilizojengwa kinyume chake, kiunzi cha Marekani chini na mito ya mapaja ya Australia juu, na hizo ndizo zinazowakoroga wauzaji wa vitu vikuukuu. Ili kuelewa kwa nini mafundi walifanya hivi, hatuna budi kuzifuata nyumba hizo mbili mpaka zilikoanzia.

Tuanze na Australia. Merikebu za kwanza za Waingereza zilizowapeleka wafungwa kule zilitia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1787, zikapakia ng'ombe na farasi wachache, zikafika Sydney Januari 1788. Kwa hiyo mifugo ya kwanza ya nchi ile ilipakiwa katika bandari ya Afrika, jambo ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Ng'ombe wenyewe walitoroka mwaka ule ule, na walipoonekana tena mwaka 1795 walikuwa wamezaana mwituni na kuwa kundi kubwa. Waliowafuata ng'ombe hao na wengine walitumia seruji waliyokuja nayo, ile ya Uingereza ya kuwindia mbweha: nyepesi, bapa, isiyo na kitu cha kumshikilia mpandaji. Mwindaji wa mbweha hupanda farasi saa chache, akarudi nyumbani kuoga. Mchungaji wa Australia alishinda juu ya farasi kutwa nzima, akateremka magenge, akakimbiza fahali mwitu katikati ya vichaka, akalala nje, akaamka na kuanza upya. Seruji bapa ilimtupa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuifinyanga seruji. Kwanza walifunga nguo iliyokunjwa mbele ya kikalio ili mapaja yapate pa kuegemea. Baadaye mafundi wakaishona mito ya ngozi palepale. Kikalio kikazamishwa, ukingo wa nyuma ukainuliwa, na pete ndogo za chuma zikapachikwa huku na huko za kufungia mfuko, blanketi na birika la chai. Ukaongezwa ukanda unaopita chini ya mkia wa farasi ili seruji isimteleze shingoni wakati wa kuteremka mlima. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wa Queensland walikuwa wameikamilisha, mmojawapo, J. J. Wieneke wa mji mdogo wa Roma, jina lake liligeuka kuwa jina la aina ya seruji.

Mbona hawakuweka pembe? Si kwamba hawakujua habari zake. Pembe ni chombo cha kufungia kamba, na mchungaji wa Australia kwa kawaida hakuvua ng'ombe kwa kamba ya kitanzi akiwa mbioni. Silaha yake ilikuwa mjeledi mrefu. Aliwakusanya ng'ombe kwa mbio na kwa kelele za mjeledi, akawasukuma hadi zizini, na huko ndama wakatiwa alama. Hata kaskazini kusikokuwa na mazizi, ambako ndama walivutwa kwa kamba, kamba ile ilifungwa katika mikanda ya kifuani ya farasi maalumu wa kuvutia, siyo katika seruji. Tena mchungaji alipopita mbio chini ya matawi alilazimika kujilaza shingoni mwa farasi, na pembe ya mbao na chuma ingemchoma tumboni. Kukosekana kwa pembe basi ni ushahidi wa kazi kama vile kuwapo kwake kulivyo ushahidi. Wanafunzi wengi huandika kile kilichopo tu. Naona yafaa wazoezwe kuuliza pia juu ya kile ambacho hakipo.

Mpaka hapa nimesema mchungaji, mchungaji, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye sura moja. Katika hadithi na sinema za nchi ile sura hiyo ni ya Mzungu mwenye kofia pana. Ukweli ni kwamba kaskazini mwa Australia, tangu mifugo ilipofikishwa huko katika miaka ya 1880, kazi ya ng'ombe ilisimama juu ya migongo ya wenyeji wa asili. Ukoo wa Durack uliswaga ng'ombe zaidi ya 7,000 kutoka Queensland hadi Kimberley baina ya mwaka 1883 na 1885, mwendo wa yapata kilomita 4,800, na safari hiyo imesifiwa sana. Waliposimamisha mashamba yao, wao na wenzao, waliohitajiwa kuyaendesha walikuwa watu wa nchi ile ile waliyoikuta: wanaojua visima, wanaosoma nyayo, wanaojua mto gani hukauka mwezi gani. Wanaume, na mara nyingine wanawake, walifundishwa kupanda farasi wakawapita waliowafundisha. Ujira wao, kwa miongo mingi, ulikuwa unga, chai, sukari, nyama, tumbaku na nguo, na wengi hawakuona fedha mkononi, au waliona kidogo sana.

Tarehe 1 Mei 1946 wafanyakazi wapatao 800 wa mashamba ya Pilbara, magharibi, waliacha kazi. Mgomo wao uliendelea mpaka mwaka 1949. Mwezi Machi 1966 baraza la usuluhishi la kazi liliamua kuwa wachungaji wa asili wa Jimbo la Kaskazini walipwe sawa na wenzao, lakini likaahirisha utekelezaji mpaka Desemba 1968, ili wenye mashamba wapate kujitayarisha. Aliyekuwa akingoja kwa nusu karne aliambiwa angoje tena. Tarehe 23 Agosti 1966, katika shamba la Wave Hill lililoendeshwa na kampuni ya Vestey ya Uingereza, watu wa kabila la Gurindji wapatao 200 waliweka kazi chini na kuondoka. Aliyewaongoza, Vincent Lingiari, alikuwa mchungaji mpanda farasi. Wengi walidhani wanadai mishahara tu. Wao walieleza kuwa wanadai ardhi. Walikaa Daguragu, na tarehe 16 Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimimina mchanga katika kiganja cha Lingiari kuwa ishara ya kuirejesha sehemu ya nchi ile. Mchungaji huyo alikuwa ameutumia umri wake katika seruji ambayo duniani kote huitwa ya Australia, na ambayo hakuna orodha ya duka iliyopata kumtaja mpandaji wa namna yake.

Sasa tuifuate pembe. Njia yake ni ndefu zaidi, nayo inaanzia katika bara letu. Katika Afrika Kaskazini waliishi Waberberi wa kabila la Zanata, wapanda farasi mashuhuri, waliopanda kwa vikuku vifupi, magoti yamekunjwa, wakigeuka upesi vitani. Katika karne ya 13 wapiganaji hao walivuka bahari kuwatumikia wafalme wa Granada, na Wahispania waliopigana nao waliwahofu, kisha wakawaiga. Mpaka leo neno la Kihispania la mpanda farasi ni jinete, na asili yake ni jina hilo la Zanata. Kando ya mtindo huo Wahispania walikuwa na seruji nzito ya kivita, yenye kingo ndefu mbele na nyuma na vikuku virefu, iliyomshika askari wa deraya asing'oke mkuki unapompiga. Hernán Cortés alipoteremka Mexico mwaka 1519 akiwa na farasi 16, seruji na mazoea ya upandaji wa Hispania viliteremka pamoja naye.

Huko Mexico ng'ombe waliongezeka upesi, na waliochunga walikuwa wenyeji wa asili, machotara, na watumwa Waafrika pamoja na watoto wao. Seruji ya vita ikawa chombo cha kazi. Ukingo wa mbele ukarefushwa na kunyanyuliwa hata ukawa pembe imara, ili mchungaji akimtia fahali kitanzi aizungushe kamba pale, na uzito wa mnyama ubebwe na kiunzi badala ya mkono wa mtu. Texas na California zilipokuwa bado Mexico, wachungaji wa Kimarekani waliohamia huko walijifunza kazi kutoka kwa hao, wakachukua kamba, wakachukua pembe, wakachukua hata maneno. Ngozi pana za kubembea ziliongezwa kuyakinga mapaja na jasho la farasi na msuguano wa ukanda wa kikuku. Seruji ikawa nzito. Ile iliyotengenezwa kwa kuvulia ng'ombe yaweza kupita kilo 18. Uzito huo, kwa kazi ile, ulifaa: kilo nyingi zimesambaa juu ya eneo pana la mgongo, na farasi husimama kama nanga.

Nyumba hizi mbili, moja ya mjeledi na moja ya kamba, zilikutana kwa dhati baada ya Vita Kuu ya Pili. Sinema, magazeti na mashindano ya kupanda farasi wakali vilizifikisha seruji za Marekani mpaka Australia. Wachungaji wa kaskazini waliona pembe haiwafai sana, lakini ile ngozi pana ya kubembea waliipenda, maana ukanda mwembamba huumiza paja la mtu anayepanda siku nzima. Wakamwambia fundi aiache mito yao ya mapaja mahali pake na kuwabadilishia ukanda tu. Upande wa pili, tangu miaka ya 1980, Wamarekani waliopendezwa na seruji ya Australia, hasa baada ya kutazama sinema ya mwaka 1982 juu ya wapanda farasi wa Snowy River, waliitaka iongezwe pembe, kwa kuwa mkono wao umezoea kuikuta. Ndipo hirizi moja ikavaliwa na waganga wawili.

Bado hatujamtaja mshonaji. Seruji nyingi za bei nafuu za namna hii hazikushonwa Australia wala Marekani. Zimetoka Kanpur, mji wa India wenye viwanda vya ngozi, ambako jeshi la Waingereza lilianzisha kiwanda cha seruji na hatamu katika karne ya 19 na ufundi ukabaki baada ya wakoloni kuondoka. Fundi wa Kanpur hutumiwa kiolezo. Wa Queensland anataka hivi, wa Texas anataka vile, naye anazijua njia zote mbili. Yamkini michanganyiko mingine isiyo na mfano wa zamani mahali popote ilizaliwa mezani pake. Ndiyo maana nasema kuwa chapa iliyogongwa juu ya ngozi isiaminiwe peke yake. Chapa hutaja muuzaji, na muuzaji si lazima awe mshonaji.

Lipo jambo moja la jina ambalo mimi, kwa kuwa ni mtu wa maneno, siwezi kulipita. Seruji yenye mito ya Australia na ngozi za kubembea za Marekani wenyewe Waaustralia huiita kwa neno lenye maana ya chotara. Kwa seruji ni mzaha wa fundi. Lakini neno la maana hiyo hiyo liliandikwa pia katika sheria za nchi ile juu ya watoto waliozaliwa na mama wa asili na baba Mzungu, wengi wao palepale katika mashamba ya ng'ombe. Kwa kuitwa hivyo, watoto waliondolewa kwa nguvu mikononi mwa mama zao na kupelekwa katika makao na nyumba za wageni, tangu miaka ya 1910 hivi hadi yapata 1970. Taarifa ya uchunguzi juu ya mambo hayo ilitolewa mwaka 1997, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni. Nimeitumia lugha ya chotara katika anwani ya makala haya kwa makusudi, ili msomaji aone kuwa jina lile lile ambalo kwa ngozi ya ng'ombe lilikuwa sifa ya werevu, kwa mtoto lilikuwa hukumu.

Nirudi kwenye seruji iliyogeuzwa mezani, maana kazi haijaisha. Baada ya chini, tazama alama za kutumika. Ukanda wa kikuku cha kushoto kwa kawaida huwa umenyooka na kurefuka kuliko wa kulia, kwa kuwa mpandaji huparamia kushoto; urefu ukiwa sawasawa kabisa, seruji haikufanya kazi nyingi au mikanda imebadilishwa. Chunguza shina la pembe. Ngozi ya kikalio ikiwa imekatwa na kuzibwa kwa kiraka kulizunguka shina hilo, pembe ilipachikwa baadaye, na anayekuambia kuwa seruji ilizaliwa hivyo amekosea. Kisha pitisha kidole shingoni mwa pembe. Kamba iliyobeba uzito wa ng'ombe huacha mifereji na ngozi iliyoungua kwa msuguano. Pembe ikiwa laini, haikufanya kazi iliyoundiwa; mtu aliishika tu farasi aliporuka. Mwishowe tazama uso wa ndani wa ile mito miwili ya mapaja. Ikiwa imechakaa hata mshono umefumuka, ikang'aa kwa jasho la miaka na ikapinda kufuata paja la mtu mmoja, basi pembe ilikuwa ya mnunuzi, na aliyeipanda seruji ile alikuwa mtu wa mjeledi.